Barua kwa Mwanangu Anayeingia Mgodini

Mwanangu mpendwa,

Nimefurahi kusikia kwamba umepata kazi katika mgodi wa makaa ya mawe na kwamba mwanzoni mwa mwezi utaanza pale pale makaa yanapokatwa. Nilikupongeza kwa simu, na pongezi zile zilitoka moyoni, ila sikuweza kusema mengi kwa sababu siku hizi nikizungumza kwa muda mrefu pumzi huniishia kabla sijafika mwisho wa neno. Kwa maandishi ninapumzika nipendapo, nawe hujui.

Uliniuliza kama paa la mgodi bado ndilo la kuogopwa kuliko yote. Liogope, na gesi uiogope, kwa kuwa vyote viwili huua kwa dakika moja. Lakini katika miaka 23 niliyofanya kazi chini ya ardhi nililichunga paa kila siku, nikiligonga kwa fimbo ili nisikie mlio wake, kumbe kilichokuwa kikinimaliza kilikuwa kikiingia puani. Vumbi lile utakaloliona likielea katika mwanga wa taa ya kofia si baya sana, maana punje kubwa hunaswa puani na kooni, ukazipenga au ukazitema. Baya ni lile usiloliona, lenye punje zisizofika sehemu 5 za elfu moja za milimita, ilhali unywele mmoja una unene wa sehemu kama 70 hivi. Punje hizo hupenya hadi kwenye vifuko vya mwisho kabisa vya hewa, mahali ambapo kikohozi hakifiki. Seli za kinga huzimeza zikashindwa kuzisaga, hatimaye hufa, na mwili huziba majeraha yanayobaki kwa makovu. Pafu lenye makovu halitanuki. Ukinikuta nimesimama kwenye ngazi ya tano nikijipapasa mifuko kana kwamba nimesahau funguo, basi sijasahau kitu, natafuta hewa.

Ugonjwa huu, ambao huitwa mapafu meusi, una umri mkubwa kuliko migodi mingi inayofanya kazi leo. Mwaka 1831 daktari James Craufurd Gregory wa Edinburgh alieleza mapafu meusi ya mchimba makaa aliyefariki, lakini Uingereza haikuanza kuwalipa wachimbaji fidia kwa madhara ya vumbi la makaa lenyewe hadi mwaka 1943, kwa kuwa kwa miaka mingi ilishikiliwa kwamba vumbi la mawe tu ndilo lenye sumu na kwamba la makaa halina neno. Marekani nayo ilisubiri hadi wachimbaji wa West Virginia walipogoma kwa maelfu mwaka 1969 ndipo ikatunga sheria iliyoweka kikomo cha vumbi. Kikomo hicho kilikuwa miligramu 2 kwa kila mita ya ujazo ya hewa kuanzia mwaka 1972, kikashushwa hadi 1.5 mwaka 2016. Ugonjwa ulipungua sana kwa miaka kadhaa, kisha ukarudi. Utafiti uliotolewa mwaka 2018 ulionyesha kwamba katika eneo la kati la milima ya Appalachia, kati ya wachimbaji waliokaa kazini miaka 25 au zaidi, mmoja katika kila watano alikuwa na dalili zake kwenye picha ya kifua. Sababu moja kubwa ni kwamba matabaka manene ya makaa yamekwisha, na mashine inapofuata tabaka jembamba hukata pia mwamba wa juu na wa chini, ambao vumbi lake lina silika, yaani madini yanayopatikana kwenye mchanga na mawe, na silika hulidhuru pafu kwa kasi kuliko makaa na humweka mtu katika hatari ya kifua kikuu. Kwa hiyo siku utakapoona mashine yenu inatafuna mawe mengi kuliko makaa, usiseme kwamba hiyo ni shida ya mashine.

Sasa nikuambie jambo ambalo hata mama yako nilimficha kwa muda mrefu. Kila baada ya kipindi fulani tulivalishwa pampu ndogo yenye chujio, inayovuta hewa zamu nzima ili baadaye chujio lipimwe vumbi lililonasa. Tulikuwa tukilipwa kwa tani, na vumbi likizidi kikomo kazi ingesimamishwa. Msimamizi wetu hakutuamuru kitu. Alisema tu kwamba pampu hufanya kazi vizuri ikikaa pasafi. Nami niliivua, nikaizungushia koti, nikaining'iniza kwenye njia inayoingiza hewa safi, mbali na mashine, kisha mwisho wa zamu nikatia saini kwamba niliivaa. Nilifanya hivyo mara nyingi. Nilipokwenda kudai fidia, karatasi walizoniwekea mezani zilikuwa zile zile, zenye saini yangu, zikithibitisha kwamba nilivuta hewa nzuri miaka yote.

Pampu hiyo, mwanangu, ivae kifuani zamu nzima. Kabla mashine haijawashwa, hakikisha vinyunyizio vya maji havijaziba na pazia la kuelekeza hewa limesogezwa hadi karibu na mahali pa kukatia, na wewe usimame upande hewa inakotoka. Barakoa vaa, ila usiitegemee peke yake, maana ikilowa jasho haikai vizuri usoni, na hakuna anayeweza kufanya kazi ngumu kwa muda wa saa nane bila kuisogeza ateme mate au amwite mwenzake. Sigara haileti mapafu meusi, ingawa itakula kile ambacho vumbi limekuachia, kwa hiyo hiyo nayo iache. Mkataba namba 176 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1995, unampa mchimbaji haki ya kuelezwa hatari za kazi yake na haki ya kuondoka mahali anapoona pana hatari kubwa. Uliza kama nchi unayofanyia kazi imeuridhia.

Lakini kubwa ninalokuomba ni picha ya eksirei ya kifua na kipimo cha kupuliza pumzi kabla hujashuka hata siku moja. Ugonjwa huu huanza bila maumivu wala kikohozi, na mtu anaweza kuwa nao miaka mingi akijiona mzima. Mimi nilipigwa picha ya kwanza katika mwaka wa 11, tayari ikiwa na vidoa, kwa hiyo hakuna picha inayoonyesha mapafu yangu yalivyokuwa kabla ya mgodi. Niliacha kazi nikidhani nimewahi, ila makovu hayakuacha. Miaka michache baadaye vidoa viliungana vikawa bonge linalozidi sentimita moja, na daktari akaniambia kwamba hakuna dawa ya kuliondoa.

Usiwaachie mgodi picha yako peke yao. Omba nakala, uniletee utakapokuja, niitie kwenye bahasha ya kahawia pamoja na zangu, iandikwe tarehe.

Ni mimi baba yako.