Yah: Malalamiko kuhusu kibodi iliyotangazwa kuwa "inafanya kazi na kompyuta zote"

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Somo la hapo juu lahusika. Mwezi uliopita nilinunua dukani kwenu Kariakoo kibodi ndogo ya mekanika yenye vitufe 61, kwa shilingi 180,000. Nakala ya risiti ya EFD nimeiambatisha. Kabla ya kulipa nilimweleza muuzaji wenu kwamba natumia MacBook Air (kompyuta ya Apple, si ya Windows) na kwamba kazi yangu ni kutafsiri nyaraka, kwa hiyo kutwa nzima niko ndani ya maandishi. Kwenye picha niliona kibodi haina vitufe vya mishale, nikauliza. Nikajibiwa kuwa mishale hupatikana kwa kushika kitufe cha Fn pamoja na kitufe kingine, na kwamba kuna programu ya bure ya kupanga vitufe nitakavyo. Akanionyesha na maneno ya tangazo lenu: "Inafanya kazi na kompyuta zote."

Programu hiyo ni ya Windows peke yake. Nikajaribu VIA, ambayo wengi wenye kibodi za namna hii huitumia kupanga vitufe kupitia kivinjari cha Chrome. Kibodi yenu haitambuliki huko.

Pengine kwenu hili ni dogo, basi nieleze. Kwenye Mac, anayetaka kuruka neno zima hushika Option na mshale. Akitaka kulichagua anaongeza Shift. Hivyo ni vidole vitatu. Kwa kibodi yenu naongeza Fn, na mshale wenyewe umewekwa kwenye herufi katikati ya kibodi. Vidole vinne ili kuchagua neno moja, na anayehariri mkataba wa kurasa ishirini hufanya hivyo tangu asubuhi hadi jioni. Upande wa kompyuta siwezi kuihamisha Fn hiyo, kwa sababu inasomwa na chipu iliyomo ndani ya kibodi. MacOS, yaani mfumo wa Mac, hupokea matokeo tu. Command na Option nazo zilikuja zimepishana, lakini hizo nilizibadilisha kwenye mipangilio ya Mac kwa dakika moja, sizilalamikii. Wala ubora siulalamikii: vitufe vinabonyezeka vizuri, na mlio wake, niseme kweli, naupenda.

Kilichoniudhi zaidi ni majibu ya kitengo chenu. Kwanza niliambiwa nitazoea. Nilipong'ang'ania nikaambiwa nitafute mtu mwenye Windows anipangie vitufe, halafu nirudi kuitumia kwenye Mac. Mwisho nikaambiwa kifaa hakina hitilafu, hivyo hakirudishwi. Sasa kama ni lazima niazime kompyuta ya jirani ndipo nipate nilichoahidiwa dukani, hayo maneno "kompyuta zote" yana maana gani?

Naomba mnibadilishie, mnipe ile ya ukubwa unaoitwa asilimia 65 iliyokuwa rafu hiyohiyo, yenye mishale yake yenyewe na swichi ya kuchagua Mac au Windows. Bei ikizidi nitaongeza. Ikiwa imekwisha, nirudishieni fedha. Na tangazo lirekebishwe: andikeni wazi kwamba kupanga vitufe kunahitaji Windows, na kwamba kibodi haina mishale wala safu ya F1 hadi F12. Andikeni pia kuwa kipokezi chake, kile kidude cha kuchomeka kwenye kompyuta ili kibodi itumike bila waya, ni cha USB ya umbo la zamani. MacBook Air yangu ina USB-C, na adapta nilinunua kwa fedha yangu.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Zikipita, nitalifikisha suala hili Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji.

Wenu,
Mteja, Kinondoni.