Mti ulio mbele ya nyumba yenu: gleditsia au robinia?

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi, huku sote wazima. Umeuliza kama mti wenu hapo Chicago ni ile gleditsia ya mapambo isiyo na miiba, au ni robinia, mti mwingine unaofanana nayo. Kukosa miiba pekee kusikuhadae. Miiba ya robinia ni mifupi, hukaa miwili miwili pale jani linapoanzia, na kwenye matawi makubwa ya zamani mara nyingi huioni kabisa.

Anza na jani. Lichume zima, tangu kikonyo kinaposhika tawi, maana jani moja la miti hii lina majani madogo mengi. Robinia ina majani madogo ya mviringo, na kwenye ncha linabaki moja peke yake. Ya gleditsia ni membamba, sentimita 2 au 3 hivi, yamepangwa jozi jozi kama ya mkwaju, na kwa kawaida ncha haina la peke yake. Kisha tafuta chipukizi refu la mwaka huu: huko jani la gleditsia hugawanyika mara mbili, vitawi vyenye majani madogo vikitoka kwenye uti mmoja. Ukikuta aina zote mbili za majani kwenye mti uleule, umeshapata jibu, maana robinia haigawanyiki hivyo kamwe.

Maganda ya mbegu ya gleditsia ni bapa, hujipinda, ya kahawia iliyokolea, na huweza kufika sentimita 40. Ya robinia yamenyooka, kama sentimita 5 hadi 10. Lakini gleditsia nyingi za bustani hazizai au huzaa kidogo, kwa hiyo kukosa maganda si ushahidi. Usimruhusu mtoto aonje chochote kabla hamjahakikisha: nyama ya ganda la gleditsia ni tamu, ila mbegu, majani na magome ya robinia yana sumu.

Majani ya njano nayo huchanganya watu. Gleditsia ya aina ya Sunburst huchipua njano kisha hugeuka kijani. Robinia ya Frisia hubaki na unjano wake kwa muda mrefu zaidi.

Ukiona machipukizi yenye miiba ya matawi matatu chini ya shina, usishangae. Gleditsia za bustani hubebeshwa, yaani huunganishwa, juu ya mche uliotokana na mbegu, na mche huo huweza kuwa na miiba. Vaa glavu, yakate kwenye shina kabisa yangali laini.

Nitumie picha ya jani zima, ya chipukizi jipya na ya gome.

Wako,
rafiki yako