Harambee ya Ngome za Mawe: Watoto Wetu Waziandike Kabla Hazijasombwa

Wazazi wetu, wazee wetu, mliosoma katika shule hii miaka iliyopita, na ndugu zetu mnaoishi mbali na Migori,

Tunawaalika katika harambee itakayofanyika kwenye uwanja wa shule Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, kuanzia saa nne asubuhi. Tunatafuta shilingi 450,000. Fedha hizi hazitajenga darasa wala kununua basi. Zitawawezesha wanafunzi wa chama cha historia, kwa mwaka mzima, kwenda kwenye ngome za mawe zilizo vilimani mwetu, kuzipima, kuzichora, na kuandika yale ambayo wazee bado wanayakumbuka. Kamati ya wazazi na walimu ilijadili jambo hili kwa muda mrefu, kwa sababu paa la bweni nalo linahitaji mabati. Tulikubaliana kwamba paa litangoja muhula mmoja. Ngome hizi hazitangoja.

Thimlich Ohinga mnaijua nyote, hata kama hamjafika. Iko umbali wa kilomita 46 hivi kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori, juu ya kilima chenye miti na mipopoma, na ndani yake mna maboma manne makubwa: Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch. Wataalamu wanakadiria kwamba ilijengwa katika karne ya 16. Mwaka 2018, katika kikao cha Manama, Bahrain, UNESCO iliitia katika orodha ya Urithi wa Dunia, ikawa ya saba kutoka Kenya, baada ya Mlima Kenya, mji wa kale wa Lamu, Fort Jesus na nyinginezo. Siku ile wengi wetu tulipigiana simu. Tulijivunia, na tulikuwa na haki ya kujivunia.

Lakini Thimlich ni moja tu. Watafiti waliozunguka nchi yetu ya kusini-magharibi, akiwemo mwanaakiolojia Mkenya Isaya Onjala, wameandika kumbukumbu za maboma ya mawe zaidi ya 500, katika maeneo zaidi ya 130. Maboma machache yana ulinzi. Mengi yamo katika mashamba ya watu, na mwenye shamba anayetaka kujenga msingi wa nyumba au zizi anaona lundo la mawe mazuri yaliyokusanywa tayari. Hatumlaumu. Hakuna aliyewahi kumketisha na kumweleza kile anachokibeba kwa toroli. Sisi tunataka watoto wake mwenyewe wawe ndio watakaomweleza.

Ngome hizi zinastahili shida yote hii, na zinazungumza kuanzia ukutani. Ukuta wa ohinga, yaani boma la mawe kwa Kijaluo, hauna udongo wala chokaa ndani yake. Mawe hayakuchongwa. Yaliokotwa yakiwa na umbo lake, na fundi akalitafutia kila moja mahali pa kukaa. Alipandisha nyuso mbili kwa pamoja, wa nje na wa ndani, kwa mawe makubwa, na katikati akashindilia mawe madogo yanayozifunga nyuso hizo zisiachane. Alipoona ukuta una udhaifu, aliongeza mawe ya kuuegemeza. Kule Thimlich kuna mahali ukuta unapita mita 4 kwenda juu, na unene wake unafika mita 3. Malango ni mafupi, yamezibwa juu kwa linta za mawe marefu, na mtu mzima hupita ameinama. Adui naye aliinama hivyo hivyo, kichwa kikitangulia, mmoja baada ya mwingine, huku walinzi wakimngoja ndani.

Vitabu vyetu vya shule vinaisifu Great Zimbabwe, na inastahili sifa zake zote. Mafundi wake walikuwa na mawe ya itale yanayokubali kupasuliwa vipande vilivyonyooka, wakayapanga kwa safu. Waliojenga hapa kwetu walipewa mawe yaliyopinda, yasiyolingana, na bado wakasimamisha kuta zinazosimama hadi leo. Sisi tunaamini kazi hiyo ilikuwa ngumu zaidi, na mtoto wa Migori anafaa kulijua hilo kabla hajamaliza shule.

Ndani ya maboma mna habari nyingine, na hapo ndipo akiolojia inapoanza kazi yake. Mna mabonde madogo yanayoonyesha nyumba zilikosimama. Mna mazizi ya ng'ombe, maana ngome ililinda mifugo kama ilivyolinda watu. Mna mawe ya kusagia nafaka yaliyolika katikati kwa mikono ya akina mama wa vizazi kadhaa. Kuna bao la ajua lililochongwa juu ya mwamba, na kuna mahali pa mhunzi, ambapo yalipatikana mavi ya chuma na vipande vya mirija ya udongo iliyopitisha upepo wa mivukuto. Vimepatikana vigae vya vyungu, mifupa ya mifugo, na ushanga wa kioo uliotoka nchi za mbali. Ina maana watu wa kilima hiki walikuwa na wateja, na wateja wao walikuwa na wateja wengine, mpaka pwani.

Fikirini ule ushanga. Ukipatikana chini ya sakafu ya nyumba, kando ya mkaa wa meko, mkaa ule unaweza kupimwa umri kwa kaboni-14, na ushanga ukapata tarehe yake. Tutajua biashara ilifika hapa lini, na ilifika katika nyumba ya nani: ya mhunzi, ya mwenye mifugo mingi, au ya kila mtu. Mtoto akiuokota akautia mfukoni kwa sababu unang'aa, habari yote hiyo imekwenda. Unabaki ushanga mzuri usio na la kusema. Kwa hiyo somo la kwanza tutakalowafundisha wanafunzi ni kuacha kitu kilipo, kukipiga picha, kuandika kiko wapi, na kumwita mwalimu. Hakuna atakayechimba. Uchimbaji ni kazi ya wataalamu wenye kibali, na Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya mwaka 2006 inalisema hilo waziwazi. Wanafunzi watapima na kuchora kinachoonekana juu ya ardhi, kwa idhini ya mwenye shamba, na nakala ya kila mchoro itapelekwa kwa Makumbusho ya Taifa.

Kuna jambo moja la historia ya kuta hizi ambalo ndilo lililotufanya tuamue kufanya harambee. Waliokaa ndani ya ohinga hawakuwa watu wa kabila moja wala wa wakati mmoja. Jamii moja iliondoka, nyingine ikaingia, ikakuta sehemu zimeanguka, ikazipanga upya na kuongeza zake. Ukuta mkavu ndivyo ulivyo: mizizi inausukuma, mbuzi wanaupanda, mvua inalegeza ardhi chini yake, na jiwe moja likitoka mengine yanafuata. Umesimama miaka 500 kwa sababu katika muda huo wote hapakukosekana watu wanaojua kulirudisha jiwe mahali pake. Desturi ya kujenga na kuishi hivi iliendelea katika eneo letu hadi katikati ya karne ya 20. Kwa hiyo wapo wazee, miongoni mwenu mnaosoma barua hii, waliosimuliwa habari zake na watu waliozaliwa ndani ya kuta hizo. Wakati wa kuwasikiliza ni huu.

Sehemu kubwa ya fedha itakwenda kwenye usafiri, kwa sababu vilima viko mbali na barabara nyingine zinapitika wakati wa kiangazi tu. Kiasi kingine kitanunua futi za kupimia, kamba, vigingi, karatasi za kuchorea, kamera moja nzuri na kifaa cha kurekodi sauti. Tumetenga posho kwa wazee watakaokubali kukaa na wanafunzi, maana si haki kumtoa mzee nyumbani kutwa nzima akarudi mikono mitupu. Na ndani ya ua wa shule, kando ya bustani, wanafunzi watajenga ukuta wao wa mazoezi, mfupi, wa kufika kiunoni, wakielekezwa na watu wanaoijua kazi. Utaanguka, watauinua tena. Hivyo ndivyo watakavyojifunza. Mawe yake tutayanunua machimboni. Hakuna jiwe hata moja litakalotoka katika boma la kale.

Tunajua mmechoshwa na harambee. Karo imewabana, na kuna misiba na hospitali. Hatutapima mchango wa mtu kwa ukubwa wake. Shilingi mia itapokewa na jina litasomwa. Wenye kuku, ndizi au debe la mahindi, leteni, tutanadi palepale uwanjani kama tulivyozoea. Wenye ahadi watapewa mpaka mwisho wa muhula kuzitimiza. Kila mchango utatolewa stakabadhi, na hesabu yote itabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa shule, mapato na matumizi, ili kila mzazi asome mwenyewe.

Nanyi mlio na mashamba yenye duara za mawe, tunawaomba kitu ambacho hakihitaji fedha. Turuhusuni watoto wapite na kamba zao kwa siku moja. Hawatang'oa mmea wala kuhamisha jiwe. Kama mna mpango wa kujenga na mlikuwa mmeyapigia hesabu mawe yale, tuambieni kwanza, tuje tuyachore, tukae tuzungumze. Huenda mkabadili mawazo. Na msipobadili, angalau itabaki kumbukumbu kwamba hapo palikuwa na boma, lina lango upande gani, na ukuta wake ulikuwa na unene gani.

Mlio Nairobi, Mombasa na ng'ambo, tafadhali tumeni mchango wenu kwa simu kupitia namba iliyochapishwa kwenye kadi ya harambee, na si kwa namba nyingine yoyote mtakayotumiwa. Kadi zinapatikana ofisini na kwa wawakilishi wa madarasa. Mnaozungusha kadi, andikeni jina na kiasi kwa kalamu ya wino mbele ya mchangaji mwenyewe, na mzirudishe kwa mweka hazina kabla ya Alhamisi jioni ya wiki ya harambee, hata zile ambazo hazikujaa.