Barua ya wazi kwa vijana wetu mnaochezea vyuo vya Marekani

Wanangu na wajukuu zangu,

Salamu za heri zitangulie. Nawaandikia ninyi mliopata nafasi ya masomo kwa nguvu ya miguu na mikono yenu, kama alivyoipata zamani Suleiman Nyambui, mwanariadha wa Tanzania, aliyesoma Chuo Kikuu cha Texas huko El Paso huku akikiwakilisha katika mbio. Nina neno moja tu: ijueni asili ya michezo ya vyuo hivyo, ili msione haya kudai masomo yenu na usalama wa miili yenu.

Mwezi Agosti 1852 wanafunzi wa Harvard na Yale walishindana kupiga makasia katika Ziwa Winnipesaukee, New Hampshire, na hayo ndiyo yanayohesabiwa kuwa mashindano ya kwanza ya michezo baina ya vyuo vya Marekani. Safari yao iligharimiwa na kampuni ya reli iliyokuwa ikitafuta abiria. Kwa hiyo atakayewaambia kwamba hapo kale michezo ya vyuo haikuijua fedha, msikilizeni kwa adabu, kisha mwendelee na shughuli zenu. Hata hivyo, wakati ule mchezo ulikuwa bado mali ya wanafunzi. Vyuo vya Rutgers na Princeton vilipokutana katika mechi ya mpira mjini New Brunswick tarehe 6 Novemba 1869, wachezaji 25 kila upande, kanuni za siku hiyo zilikubaliwa na manahodha wenyewe.

Watazamaji walipoongezeka, ushindi ukawa na thamani kuliko mchezaji. Mwaka 1892 Lorin Deland, bingwa wa sataranji ambaye hakuwahi kuucheza mpira wa Kimarekani (ule wa kubeba mpira mikononi na kuangushana), aliwabunia Harvard mbinu ya kujipanga kwa umbo la kabari na kumvamia mpinzani kwa mbio. Ni rahisi kuvumbua mbinu ya namna hiyo ukiwa si wewe utakayevunjwa mbavu! Miaka miwili baadaye mechi ya Harvard na Yale mjini Springfield iliacha majeruhi wengi kiasi kwamba timu hizo hazikukutana tena 1895 wala 1896.

Katika mji huohuo wa Springfield, Desemba 1891, mwalimu James Naismith alikuwa amepewa darasa la vijana waliochoshwa na mazoezi ya ndani wakati wa baridi. Alitambua kwamba juu ya sakafu ngumu, kuangushana kungeumiza watu, hivyo akakataza kukimbia na mpira mkononi, na lango akaliweka juu ya vichwa ili mpira urushwe kwa ulengaji badala ya kuvurumishwa kwa nguvu. Kanuni zake 13 na vikapu viwili vya matunda ndivyo vilivyozaa mpira wa kikapu, mchezo ambao baadhi yenu mnausomea leo. Muda mfupi baadaye Senda Berenson aliufundisha kwa wasichana wa Chuo cha Smith, akaugawa uwanja sehemu tatu na kukataza kunyang'anyana mpira.

Lakini ninayetaka mumkumbuke zaidi ni William Henry Lewis, mtoto wa wazazi waliozaliwa utumwani Virginia. Alikuwa nahodha wa timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo cha Amherst mwaka 1891, kisha akaingia Harvard kusomea sheria, na huko akachaguliwa katika kikosi bora cha Marekani 1892 na 1893. Mwaka 1911 alithibitishwa kuwa Mwanasheria Mkuu Msaidizi wa serikali ya Marekani, Mmarekani Mweusi wa kwanza kushika cheo hicho. Uwanjani alisifiwa kwa miaka michache tu. Sheria ilimpa kazi ya maisha.

Basi kabla ya kutia saini, ulizeni kwa maandishi: nikiumia, ada italipwa na nani? Daktari wa timu anawajibika kwa kocha au kwa mgonjwa? Safari za mechi zikigongana na mitihani, mtihani utasogezwa? Kocha atakayekasirishwa na maswali hayo atakuwa amekwisha kuyajibu.

Wenu katika michezo,
Mwalimu mstaafu, Arusha