Barua ya wazi kwa Marabi Wakuu wa Israel: hawa watu wa Mbale watajibiwa lini?

Waheshimiwa Marabi, shalom na salamu kutoka Bungoma, Kenya.

Mimi ni Mkristo tu, sina langu kwa hili jambo, ila hapa kwetu ukivuka mpaka haupiti muda uko Mbale, na Mbale, huko Uganda, kuna Wayahudi wanaitwa Abayudaya, wanaotaka nanyi muwatambue kuwa Wayahudi. Mwaka 1919 Semei Kakungulu, jemadari aliyewapigania Waingereza kule Uganda, alisoma Agano la Kale akaona tohara ni amri, akajitahiri yeye na wanawe, akaambiwa hayo mambo ni ya Wayahudi, akasema basi sisi ni Wayahudi. Hakuna rabi aliyemwita. Kakungulu akafa 1928, baadaye Idi Amin akapiga marufuku dini yao, wengi wakahamia Ukristo na Uislamu, wakabaki kama 300 hivi wakisali kwa kujificha.

Sasa nasikia kwenu mtu akitaka kuingia dini ya Kiyahudi lazima kwanza akatishwe tamaa. Sawa, hata Naomi alimwambia Ruthu rudi kwenu. Lakini Talmudi yenu, kile kitabu cha sheria na mafundisho ya wahenga wenu, sehemu ya Yevamot 47, inasema aulizwe umeona nini kwetu, hujui Israeli wanateswa siku hizi? Akijibu najua na hata sistahili, anapokelewa papo hapo. Papo hapo, wazee wangu! Hawa swali hilo waliulizwa na Amin na waliobaki walilijibu.

Mtaniambia humo humo imeandikwa waongofu ni wagumu kwa Israeli kama upele. Ndio, ipo. Ila pia ipo ya Timna, sehemu ya Sanhedrin 99, mwanamke aliyetaka kuingia dini akawaendea Ibrahimu, Isaka na Yakobo wote wakamkataa, akaishia kuwa suria wa Elifazi mtoto wa Esau, akamzaa Amaleki aliyekuja kuwatesa Israeli, na wahenga wenu wanasema ni kwa sababu haikufaa kumsukuma mbali. Yaani kama Ibrahimu mwenyewe alilaumiwa, ofisi yenu itapona?

Mwaka 2002 marabi wa Konsavativu, tawi lingine la dini ya Kiyahudi, kutoka nje walikuja wakawaingiza mamia katika dini, na Gershom Sizomu, mmoja wa Abayudaya, akasomea Los Angeles akawa rabi 2008. Nyinyi ni Waothodoksi, tawi linaloshika sheria za zamani kwa ukali, uongofu wa hao hamuutambui, hapo sibishani, ugomvi wa ndugu mgeni haingilii. Lakini basi tumeni mahakama yenu wenyewe, marabi 3 wakae Mbale, pia Putti ambako kuna kundi linalofuata Kiothodoksi, wawapime mmoja mmoja. Sisemi wote wapite, wanaotafuta viza tu wako kila mahali, ila anayekataliwa aambiwe sababu, na anayefaulu apewe karatasi yake asianze tena upya kila rabi mpya akija. Uraia wa Israel siuongelei, huo ni wa waziri.

Mkija mnashukia Entebbe, nafikiri njia mnaijua, halafu mnapanda gari kuelekea mashariki mpaka Mbale, kilima chenyewe kinaitwa Nabugoye.