Mama Neema, msimtoe mtoto wodini

Nyakato, Mwanza

Mpendwa Mama Neema,

Salamu nyingi kutoka huku. Natumaini hapo Nansio hamjambo wote, na mama mkubwa anaendelea vizuri na miguu yake. Sisi tu wazima. Barua uliyompa yule kijana wa dagaa imenifikia, nikaisoma hata sare ya kazi sijavua. Nimeelewa: mtoto wa mdogo wako amelazwa huku kwa uvimbe wa taya, na sasa wanafikiria kumtoa kwa sababu ya karatasi walizopewa kusaini.

Nianze na lililo la haraka. Mwambie mdogo wako, na shemeji umwambie pia, wasimtoe mtoto wodini. Kama ni kubishana juu ya karatasi, wabishane, lakini mtoto abaki palepale. Uvimbe ule wa taya, unaoitwa Burkitt, ni kati ya saratani zinazokua kwa kasi kuliko zote. Seli zake huweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Mwenyewe umeona ilivyokwenda: kwanza jino lililegea, wakampeleka kung'olewa, wiki chache baadaye shavu limejaa mpaka chini ya jicho. Lakini uvimbe huohuo ndio unaosikia dawa kuliko nyingi. Dripu zikianza, shavu linaweza kushuka ndani ya siku chache, na hapo ndipo ninapoogopa zaidi, maana ndugu wakiona uso umerudi wanafunga virago. Mtoto anakuwa hajapona. Seli zilizosalia zinarudi, na zikirudi huwa sugu. Mizunguko yote lazima iishe, pamoja na ile sindano ya mgongo iliyomtia shemeji hofu. Kazi yake ni kupeleka dawa kwenye maji yanayozunguka uti wa mgongo na ubongo, mahali ambapo dawa ya mshipani haifiki vizuri. Kule kwenye nchi tajiri, zaidi ya watoto tisa kati ya kumi wenye ugonjwa huu wanapona. Kwetu wanapona wachache kuliko hao, na sababu kubwa mbili ni kuchelewa kufika na kuacha matibabu njiani.

Sasa hizo karatasi. Kwa ulivyoeleza, walipewa mbili. Ya kwanza ni ridhaa ya matibabu, hiyo wasaini leo hii. Ya pili ni ya utafiti, ule unaofanywa na hospitali za vyuo vikuu kadhaa kwa pamoja, unaoomba damu kidogo ya ziada na sehemu ya kile kinyama kilichokwisha kuchukuliwa kwa ajili ya kipimo. Hizi mbili hazifungamani. Asiposaini ya pili, mtoto anatibiwa vilevile. Akisaini leo na mwezi ujao akaghairi, anajitoa, wala hadaiwi maelezo. Mtu akimwambia vinginevyo, aangalie mwisho wa ile fomu, kuna namba ya kamati ya maadili, apige.

Shemeji anasema damu za watoto zinapelekwa Ulaya kuuzwa. Simlaumu kwa kuhofu. Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo watu walikuja na makoti yao meupe, wakatoa watu damu kaya kwa kaya, na hakuna aliyerudi kuwaambia walichokiona. Liliniuma, na mpaka leo linaniuma. Mzazi aliyetoa damu ya mwanawe anastahili majibu. Lakini nataka shemeji ajue ujuzi wa kutumia ile dawa ya dripu ulikotoka.

Sehemu yake kubwa ulitokana na watoto wa ukanda huu wa ziwa. Mwaka 1957, pale Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliletewa mtoto aliyevimba taya zote mbili, juu na chini, kulia na kushoto. Akaanza kuwatafuta wengine, na mwaka 1958 akaandika habari zao. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walipanda gari wakasafiri kilomita kama 16,000 kutoka Uganda hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali kama wameuona ugonjwa huu. Ramani iliyotoka humo ilionyesha maeneo ya joto na mvua, yaani kwenye malaria. Vipande vya uvimbe vikasafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London, na mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake wakakuta kirusi ndani ya seli zake. Ndicho kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Kila mmoja wetu huku anakipata utotoni bila kujua. Inaonekana ni malaria ya mara kwa mara inayokifungulia njia.

Na dawa je? Mwaka 1967 Makerere na taasisi ya saratani ya Marekani walifungua Kampala kituo ambacho leo ni Taasisi ya Saratani ya Uganda. Watoto waliolazwa pale na uvimbe huu ndio waliosaidia kuonyesha kwamba dawa, zikipangwa vizuri, zinaweza kuponya saratani bila kisu. Mafunzo yale yaliwafaa watoto wa dunia nzima. Mama zao walikuwa wanawake kama mdogo wako, wamekaa pembeni ya kitanda na khanga moja.

Huku kwetu pia. Kati ya 1977 na 1982, Mara Kaskazini, watoto walipewa klorokwini, dawa ya malaria, kuona kama ukizuia malaria na uvimbe unapungua. Ulipungua, ila ulikuwa umeanza kupungua hata kabla ya dawa, na malaria nayo ikaizoea klorokwini, kwa hiyo jibu halikuwa safi. Ikabidi wengine waendelee. Kuanzia 2010 hadi 2016 watafiti wa Uganda, Kenya na Kanda ya Ziwa walishirikiana na Wamarekani kukusanya damu za watoto wagonjwa na wazima, na kati ya waliyoyaona ni kwamba mtoto aliyerithi seli mundu (sickle cell) kwa mzazi mmoja tu, ambaye malaria haimwelemei sana, ana hatari ndogo ya kupata Burkitt. Hospitali moja peke yake isingeweza kuliona hilo. Watoto wa ugonjwa huu ni wachache kila mahali, ni mpaka wahesabiwe kwa pamoja.

Mkumbushe shemeji pia habari ya Neema. Mwaka 2024 alichanjwa shuleni kuzuia saratani ya shingo ya kizazi, sindano moja ikaisha. Zamani zilikuwa mbili, na mwanzo kabisa tatu. Sehemu ya ushahidi kwamba moja inatosha ilitoka kwa wasichana 930 wa hapahapa Mwanza, wa miaka 9 hadi 14, ambao wazazi wao walisaini karatasi kama hiyo anayoiogopa. Shirika la Afya Duniani likaikubali dozi moja mwaka 2022. Leo nchi inaweza kuchanja watoto wengi zaidi kwa kiasi kilekile cha chanjo.

Umeniuliza pia kwa nini kinyama kiangaliwe na zaidi ya mtu mmoja. Siku moja mtaalamu wa patholojia, yule anayechunguza vinyama vya mgonjwa, aliniita nichungulie kwenye hadubini yake. Kipande chembamba kuliko karatasi, kimepakwa rangi: seli za zambarau zimebanana hakuna nafasi, na katikati yake madoa meupe yametawanyika kama nyota. Yale meupe ni seli za mwili zinazokula mabaki ya seli zilizokufa. Ni picha inayojulikana, lakini kuna saratani nyingine zinazofanana nayo ambazo dawa zake ni tofauti kabisa. Akikosea hapo, mtoto anapewa sumu isiyomfaa. Ndiyo maana napenda daktari anayesema, ngoja niwaonyeshe wenzangu wa Muhimbili. Hospitali ya Bugando na Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani nao wameshirikiana miaka mingi kwenye saratani za watoto, ikiwemo kufuatilia wale wanaoacha matibabu. Kwangu mimi faida kubwa ya ushirikiano ni hiyo, mawazo ya madaktari wengi yanamfikia mtoto wa Ukerewe bila ndugu kuuza ng'ombe wa nauli ya Dar.

Basi mdogo wako asisaini kwa kuogopa wala asikatae kwa kuogopa. Amwombe daktari akae chini, amweleze kwa Kiswahili au hata Kikerewe kama yupo anayekijua: kinyama kitahifadhiwa wapi, nani mwenye ruhusa ya kukigusa, kikitoka nje ya nchi ni kwa makubaliano gani, na matokeo yakipatikana watampigia nani. Akiona anajibiwa kwa haraka haraka, asubiri kwanza, ana haki hiyo. Ungeniuliza mimi, mtoto angekuwa wangu, ningesaini. Lakini ningeuliza yote hayo kwanza, na nakala ya fomu ningebaki nayo.

Shemeji akivuka na meli ya Jumamosi, aje moja kwa moja nyumbani, nitamsindikiza kupanda kilima hadi hospitalini. Nitakuwa na zamu ya usiku, mchana nipo. Aje na kadi ya kliniki ya mtoto na vile vyeti vya kule zahanati alikong'olewa jino, wodini vitahitajika. Chakula cha mgonjwa asihangaike kubeba, nitapika. Ila blanketi abebe, usiku wodini kuna baridi.

Msalimie baba Neema na watoto.

Ni mimi rafiki yako,
Mama Kulwa