Pasipoti Uliyoiona Stesheni

Columbus, Ohio
16 Februari 2025

Baba,

Shikamoo. Mama naye mpe shikamoo yangu, na mwambie asilazimishe kupanda ngazi mpaka mguu upone sawasawa. Huku tu wazima. Theluji inaanguka tangu alfajiri na zamu yangu inaanza saa moja usiku, kwa hiyo nina nafasi ya kuandika. Ningepiga simu, ila kwenye simu wewe huuliza "umekula?" halafu unampa mama, na hili nataka unisikilize mpaka mwisho.

Ni kuhusu ile pasipoti.

Niliona ulivyoiona. Pale Stesheni ya Magufuli, Dar, yule kijana alipotuomba tiketi na vitambulisho, ulitoa cha NIDA kwenye pochi yako ile iliyofungwa kwa mpira, mimi nikatoa kitu nilichokuwa nimekificha chini ya nguo wiki nzima. Macho yako yamechoka, lakini mtu aliyekuwa gadi wa treni miaka 28 hapitwi na karatasi ya abiria. Ulitupia jicho jalada mara moja, ukaona tai wa Marekani mahali pa bibi na bwana wa nembo yetu, ukageuka kutazama dari. Ukasema, "Wamejenga vizuri." Basi.

Ngoja nianzie uwanja wa ndege, maana huko ndiko mambo yalikoanzia. Nilishuka Terminal 3 kifua mbele. Nilivyokuwa natembea kwenye ile sakafu inayong'aa nilitamani kila abiria aniulize natoka wapi. Halafu nikafika kwenye mistari. Wa pasipoti za nyumbani walikuwa wanapita haraka, wanacheka, wengine wameshaanza kugombana kwenye simu na waliokuja kuwapokea. Mimi nikasimama na wageni, nyuma ya mzungu aliyevaa kofia ya kupandia mlima, nikalipa viza dola 100. Ndiyo bei yetu sisi wa Marekani. Mataifa mengi hulipa 50. Afisa alinisemesha Kiingereza, nikamjibu Kiswahili, akainua kichwa: "Kumbe wetu!" Akagonga muhuri, akanirudishia kwa mikono miwili. "Karibu nyumbani, dada." Angeninunia ningeumia kidogo kuliko vile.

Baada ya wiki ile, mimi na wewe tukapanda treni. Ile mpya ya umeme yenyewe, tiketi 13,000 mpaka Moro. Nakumbuka ulivyokaa, Baba: hukuegemea kiti, mgongo umenyooka kama uko kazini. Mimi nilikuwa nimeshatoa simu narekodi. Mwendo ulipofika 160 nilipaza sauti behewa zima likageuka: "Baba, ona tulivyoendelea!" Wewe ulikuwa umeweka kiganja kwenye kioo cha dirisha, umefumba macho. Nikadhani unasikia kizunguzungu.

"Haigongi," ukasema.

Sikuelewa. Ukanieleza kwamba reli za zamani zilikuwa na maungio, gurudumu likipita linagonga, na gadi mzuri alikaa kwenye behewa lake la nyuma usiku wa giza akahesabu zile ngoma kwa saa yake ya mkononi akajua treni inakwenda mwendo gani na imebakiza nini kufika Ngerengere. Hizi zimechomelewa, mataruma yake ya zege, yenu yalikuwa ya chuma. "Isiyogonga utajuaje mwendo wake?" Ukafungua macho, ukayatoa nje kwenye mikonge, na bila kunitazama ukauliza:

"Pale uwanja wa ndege wamekutoza kiasi gani?"

Nikakwambia. Ukapiga hesabu kimoyomoyo, midomo inacheza. "Laki mbili na nusu kasoro. Hiyo ungepanda hii treni mara kumi na nane."

Nilisubiri neno la pili, halikuja. Tulipokaribia kuiona Uluguru nikajikakamua kujaza ukimya, nikaanza tena: hata huko Ohio niliko hakuna treni ya namna hii. (Kweli kabisa, Baba. Columbus ni mji mkubwa na haupiti treni hata moja ya abiria.) Ukanijibu taratibu, "Nzuri. Na mikopo yake tutalipa sisi."

Hilo "sisi" ndilo lililonirudisha huku likiwa limenikaa kooni.

Maana nyumbani nilijisikia mwenyewe nilivyokuwa naongea. Ile siku ya nne niliyozunguka na karatasi za kiwanja, ofisi ikaniambia njoo Jumatatu, Jumatatu ikaniambia mhusika yuko semina, nilirudi nimetupa mkoba kwenye kochi nikasema, "Nyie huku mambo yenu hayaendi!" Mama alikuwa anachambua mchele. Akauliza kwa upole tu, "Nyie akina nani, mwanangu?" Na usiku uleule umeme umekatika, tumekaa uani, nikawa nahubiri: sisi Watanzania tuna amani, sisi makabila zaidi ya mia na lugha moja, sisi tunasalimiana, Wamarekani jirani anaweza kufa asijulikane. Mtoto wa shangazi akanikatisha. Unamjua alivyo, diploma ya ualimu iko kabatini, yeye yuko kijiweni Kihonda na bodaboda. "Sisi gani, dada? Wewe si Jumanne unapanda ndege? Tozo za miamala zile za 2021 tulikatwa nani?" Watu wakacheka. Nilitaka kumwambia kuwa nyingi ya hizo hela zilizokatwa nilikuwa nimezituma mimi, nikaona aibu. Wewe hukucheka, ulikuwa unapepea jiko.

Nikisifu nasema sisi, nikilaumu nasema nyie. Ninyi mnafanya kinyume. Yule kijana analaumu kutwa nzima, umeme, ajira, barabara, na kila lawama yake ina "sisi" ndani. "Sisi bwana, hatuko makini." Hata akitukana, anajitukana na yeye. Mimi sina tena haki hiyo, na sijui niliipoteza lini, siku ya kile kiapo au siku nyingi kabla.

Kiapo chenyewe nilikula mwaka 2021, ukumbini, watu kama sitini, kila mmoja kashika kibendera. Maneno yake yanataka ukane utii kwa dola nyingine yoyote. Nilijua sheria yetu ya uraia ya 1995 inasemaje, kwamba mtu mzima akichukua uraia mwingine kwa hiari yake, wa Tanzania unakoma. Hakuna aliyenidanganya. Ila unakumbuka Bibi alipofariki sikuja kumzika, nikawaambia kazi ilibana. Haikuwa kazi. Karatasi zangu zilikuwa mezani kwa mtu, na ningetoka nisingejua kama nitarudi. Nilimzika Bibi kwa video, simu imeegemezwa kwenye chupa ya maji. Nikaapa nafsini mwangu kwamba haitatokea hivyo kwako wala kwa mama. Nilichukua pasipoti ya watu ili niweze kuja kwetu. Ukiisikia hivyo inachekesha, eti.

Na bado, Baba, kazini wiki iliyopita Mkenya mmoja tunayepanga zamu pamoja alimwambia mgonjwa kwamba Kilimanjaro iko kwao. Nilichukua karatasi ya tishu nikachora mpaka wote, mlima, Moshi, Taveta, mpaka peni ikatoboa. Mgonjwa akauliza, "Wewe basi ni wa huko?" Nikasema ndiyo, haraka, kabla sijafikiri.

Nimeanza kufuatilia hii Hadhi Maalum wanayoizungumzia kwa sisi tulioacha uraia. Si uraia, kura sitapiga, lakini angalau nisiwe nyuma ya mwenye kofia ya mlima. Lazima nionyeshe kwamba nilikuwa Mtanzania, kwa hiyo nahitaji cheti cha kuzaliwa. Kiko kwenye sanduku la bati, chini ya sare yako ya reli, ndani ya bahasha ya kaki. Mwambie mtoto wa shangazi akipige picha pande zote mbili anitumie.

Chenyewe kirudishe palepale. Kisitoke.

Mwanao